Moshi Katika Hame la Mwikwabe

Stanslaus Waitara alirudi nyuma hatua nyingine, akafumba jicho la kushoto, akaitazama nyumba kupitia kidirisha alichokuwa amekikata kwenye kipande cha boksi la sabuni. Ndani ya kidirisha nyumba ilikaa vizuri. Paa la nyasi lilikuwa limelala upande mmoja, ukuta wa udongo ukiwa na ufa mrefu, mlango wa mbao umefungwa, na nyuma ua wa minyaa ulikuwa umejiotea ovyo bila mtu wa kuupunguza. Akasogea kidogo kulia mpaka miti ya zizi la zamani ikaingia kwenye pembe.

"Tembea tena," alisema. "Anzia zizini. Polepole, kama mtu asiyejua kama amepotea au amefika."

"Mura, kijana mwenzangu, mimi nimefika mpaka nimechoka kufika," Werema alijibu. Alikuwa amevaa koti zito ambalo baba yake alirudi nalo kutoka vitani, na mkononi ameshika sanduku la bati lisilo na kitu ndani. "Huyu mtu wako halioni jua? Au ndiyo maana atauawa, amekosa akili?"

"Hauawi yeye. Yeye ndiye anayekuta maiti."

"Basi maiti ana bahati. Amelala kivulini."

Werema alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, mtu wa maneno mengi, na rafiki wa Stanslaus tangu wote wawili wakichunga ng'ombe wa baba zao. Alipoambiwa kwamba anatafutwa mtu wa kutembea mbele ya kamera alikubali kabla ya kuuliza atatembea kwenda wapi. Sasa alirudi zizini, akaliweka sawa koti, akaanza kutembea.

Stanslaus alimfuata kwa kidirisha. Alihesabu moyoni. Hiyo ilikuwa tabia yake ya siku nyingi. Kabla hajawa mwanafunzi alikuwa msaidizi kwenye gari la sinema lililozunguka vijijini na filamu za pamba, za kuchemsha maji ya kunywa na za kuchimba vyoo. Hakufundishwa na mtu. Alitazama mikono ya fundi ikipitisha mkanda kwenye magurudumu ya mashine, usiku akairudia kazi hiyo kichwani, na siku fundi alipougua malaria yeye akaonyesha filamu mwanzo mpaka mwisho bila kuukata mkanda. Baadaye wakampeleka Dar es Salaam kusomea kupiga picha zenyewe. Sasa alikuwa nyumbani kwa likizo, amebeba kamera ya chuo, ile inayojazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na mkanda mmoja tu.

Kazi aliyopewa ilikuwa fupi na ngumu: mwanzo wa filamu ya kutisha, bila sauti, usiozidi mkanda ule. Mwalimu wao aliwaambia: "Msinionyeshe mtu anayeogopa. Nionyesheni mahali panapoogopesha." Ambaye mwanzo wake ungependeza angepewa mikanda ya kumalizia filamu nzima. Wengine wangerudi walikotoka, na Stanslaus alijua alikotoka yeye ni wapi: kwenye gari la sinema, kurudisha nyuma mikanda ya watu wengine.

Kwa hiyo alikuwa amepatafuta mahali kwa utaratibu. Alianzia Matongo, kwenye mashimo ya dhahabu, lakini alipotoa tu kamera wachimbaji wakapanda juu, wakajipanga mstari, wakapiga saluti. Akaazima baiskeli akaenda mbali, mpaka Nyambureti, akayatazama majabali asubuhi na jioni. Yalikuwa mazuri mno, kama picha ya kalenda. Hayakumtisha mtu. Ndipo akarudi kwao Gorong'a, akakumbuka mahame.

Mahame yalikuwa mengi. Tangu watu wahamishiwe kijijini, kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari na kuandikwa namba mlangoni, maboma ya zamani yalibaki vilimani yenyewe. Mengi yalikuwa yameezuliwa au yameanguka. Hame la marehemu Mwikwabe lilikuwa bado na paa, na kila alipolitazama Stanslaus alihisi kitu ambacho hakukipata kwenye mahame mengine, kama vile nyumba ile nayo ilikuwa ikimtazama.

Na kwa kuwa alilelewa kuomba kabla ya kugusa, jana yake jioni alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Heche, akamweleza amechagua hame gani na atafanya nini. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. "Hakuna ubaya," akasema. "Na mimi nitapita alasiri nione mnavyofanya."

"Safari hii umetembea vizuri," Stanslaus alisema. "Pumzika. Naenda kupima mwanga mlangoni."

Alichukua kipima mwanga, akasogea karibu na ukuta. Alikuwa ameiona nyumba kwa mbali tu, kwa sababu alitaka kwanza kuijua kama kamera itakavyoijua. Sasa akainama kwenye kizingiti na mkono ukabaki hewani. Kizingiti kilikuwa kimesiribwa kwa samadi, laini, kina alama za vidole vya mtu aliyekipitia kwa uangalifu. Mbele ya mlango palikuwa pamefagiliwa. Aliinua uso. Kutoka kwenye nyasi za paa, pale juu kabisa, moshi mwembamba ulikuwa ukipenya na kupotea.

Akausukuma mlango kwa vidole. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Werema," aliita taratibu.

"Nini tena? Nitembee kinyumenyume?"

Ndani mtu akakohoa.

Werema aliangusha sanduku. Stanslaus hakuondoka pale alipokuwa. Alisikia nywele za shingoni zikisimama, na papo hapo, kwa namna iliyomtia aibu baadaye, akafikiri: hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja, na katika uwazi ule vikatokea vidole vya mtu mzima, vyeusi kwa masizi, vikaushika ubao.

"Hodi mnapiga kwa kusukuma siku hizi?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mlango ukafunguka wote. Alikuwa Agustina, mjane wa Mwikwabe, mama yake Mniko. Kijijini kila mtu alijua kwamba anaamka alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni amechoka. Hakuna aliyewahi kuuliza shamba gani. "Wewe si Waitara wa gari la sinema? Nimekuona asubuhi yote unakwenda mbele unarudi nyuma na kipande cha boksi usoni. Nikasema, mtoto wa watu amerogwa huko Dar."

"Nilidhani hapa hakuna mtu, mama."

"Hapa yupo." Alinyoosha mkono kuelekea zizini, palipokuwa na rundo la mawe limefunikwa na majani. "Na mimi nipo. Karibuni ndani, msisimame mlangoni kama wadai."

Wakaingia. Nyumba ilikuwa na kitanda, kihenge kidogo cha ulezi, jiwe la kusagia, na moto katikati ya mafiga, moto mdogo uliolishwa kigogo kimoja kinene cha kwenda polepole. Aliwapa uji wa ulezi kwenye vibuyu. Alieleza bila kuombwa, kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi apate wa kumweleza. Kijijini ana nyumba, ina namba, nzuri tu, maji yako karibu. Analala huko. Lakini moto wa hapa hajauzima tangu siku waliyohamishwa, ingawa waliamriwa kuyaacha kabisa maboma ya zamani.

"Mniko yuko Kenya, anachuma chai," alisema. "Aliondoka hapa, mlango huu. Siku akirudi na mke, mke ataingilia wapi? Mke huingizwa boma alilozikwa baba. Nimwingize kwenye namba, halafu nimwambie baba mkwe wako yuko kule kilimani, moto wake ulishazimika? Hapana. Akishaingia hapa, akala ugali uliopikwa kwenye moto huu, basi. Waje waezue. Nitawasaidia kubeba nyasi."

Stanslaus aliweka kibuyu chini. 

"Mama, jana nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimwomba ruhusa ya kupiga picha hapa. Amesema atakuja alasiri."

Agustina akatikisa kichwa taratibu. "Mama yako alikufundisha adabu," akasema. "Nami namwambia kila siku watoto wake wana adabu."

Hakulisema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

"Tuondoke," Werema alisema. "Tumwambie mwenyekiti tumebadili mawazo, tumeenda kupiga picha mtoni."

"Atakuja hata hivyo. Ameshasema," Stanslaus alijibu.

"Basi mama azime moto, leo tu. Tufagie majivu, tutupe majani hapo mlangoni."

"Mimi nizime?" Agustina aliuliza. "Heche akiuzima, ni Heche amefunga boma la Mwikwabe. Nikizima mimi, ni mimi nimelifunga. Wewe mtoto wa duka, huko mnauza na ushauri?"

Werema akauinamia uji wake.

Stanslaus alitoka nje, akaketi kwenye ukingo wa zizi. Akalirudisha boksi usoni, kwa mazoea tu, akaitazama nyumba. Alikuwa ameipanga filamu yake akiamini nyumba ni tupu: mgeni anakuja, anafungua mlango, anamkuta mtu amelala amekufa. Lakini nyumba haikuwa tupu, na alikuwa ameogopa kweli, yeye mwenyewe, kwa sababu ya kizingiti kilichosiribwa na komeo lililofungwa kwa ndani. Akawaza hivyo kwa muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia.

"Mama," alisema mlangoni, "huko chuoni tunafundishwa kuitengeneza nyumba kabla ya kuipiga picha. Ikitakiwa ionekane inakaliwa na mtu, tunafagia, tunasiriba, tunawasha moto. Mtazamaji hajui kilichokuwepo na kilichotengenezwa."

Agustina alimwelewa kabla hajamaliza. "Kwa hiyo moto huu ni wenu."

"Kama utaniruhusu. Ni moto wa filamu. Moshi wa filamu. Na mtu wa kufungua mlango..."

"Ni mimi."

"Vidole vyako tu. Kama vilivyotokea tulipokuja."

"Na maiti?" Werema aliuliza. "Mimi nilimpenda yule maiti."

"Hapa yuko mmoja, anatosha," Agustina alisema kwa ukali wa mara ya kwanza. "Mtu mzima hajilazi kama maiti ndani ya nyumba ya mtu. Atailaza nyumba nayo."

"Hakuna maiti," Stanslaus alisema. "Nimemwondoa."

Wakaanza. Agustina alitupia majani mabichi motoni, moshi ukanenepa, ukatoka juu ya paa kama unavyotoka kwenye nyumba yenye sherehe. Stanslaus alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaijaza kwa ufunguo, akapima mwanga, akapima tena. Picha ya kwanza: vilima na hame kwa mbali, moshi ukipanda mahali ambapo hapakupaswa kuwa na moshi. Ya pili: Werema akitokea zizini na koti na sanduku, anasimama, anatazama juu ya paa. Ya tatu: viatu vyake vikikaribia kizingiti na kukwepa pale paliposiribwa. Hilo la kukwepa Werema alilifanya mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu mtu wa kwao hakanyagi samadi iliyosiribwa na mwenye nyumba, na Stanslaus akajua nyuma ya kamera kwamba ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Mgeni aliyeogopa kuchafua kizingiti cha nyumba isiyo na mtu.

Ilibaki picha ya mlango. Mkanda uliobaki uliitosha hiyo, si zaidi.

Ndipo kengele ya baiskeli ikasikika njiani.

Mzee Heche aliegemeza baiskeli yake kwenye ua wa minyaa, akavua kofia, akajifuta jasho. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kauli chache. Wakamwamkia, akaitikia. Kisha akaizunguka nyumba yote, mikono nyuma. Alisimama mbele ya rundo la mawe zizini, akakaa hapo kidogo. Alipofika mlangoni akachuchumaa, akakikwaruza kizingiti kwa ukucha.

"Mmesiriba?"

"Tumeitengeneza nyumba, mzee," Stanslaus alisema. "Kwa ajili ya picha. Inatakiwa ionekane kana kwamba kuna mtu."

"Samadi hii imekauka."

"Jua la leo kali, mwenyekiti," Werema alisema, akilipepea koti lake kama ushahidi.

"Kali kweli. Limekausha kwa saa moja kazi ya wiki mbili." Alinyanyuka. "Na moto?"

"Wa filamu."

Agustina akatokea mlangoni. Mwenyekiti hakuonekana kushangaa.

"Mama Mniko. Na wewe umekuwa mcheza sinema?"

"Uzee una mambo, mwenyekiti. Nimepewa kazi ya kufungua mlango."

"Mshahara?"

"Wamekunywa uji wangu. Mimi ndiye niliyewalipa."

Heche akacheka puani. Kisha kicheko kikaisha na akabaki akiutazama moshi. "Wilayani wamesema mahame yote yenye paa yaezuliwe kabla ya mvua," alisema, na hakuna aliyejua anamwambia nani. "Nimeezua yote. Limebaki hili. Vijana wa mgambo wananiuliza kila mara, mzee, la Mwikwabe lini? Nawaambia kesho." Akaligeukia rundo la mawe. "Mimi na huyu tulitahiriwa msimu mmoja. Kisu kimoja. Nyumba ya mtu wa rika lako unaiezuaje? Lakini mwenyekiti hana rika. Ndivyo wanavyosema huko."

Kigogo kilipasuka ndani.

"Waitara," Heche aliita.

"Naam, mzee."

"Kazi hii ni ya chuo cha serikali?"

"Ndiyo. Na kamera ni ya chuo."

"Mtaimaliza lini?"

"Imebaki picha moja. Ya mlango."

"Mtaipiga leo?"

Stanslaus alichukua kipima mwanga, akakielekeza mlangoni. Jua la alasiri lilikuwa limeshuka vizuri kabisa, likiupiga ubao kwa ubavu, ufa wa ukuta ukitoa kivuli kama mto. Mwanga wa namna ile mtu huusubiri juma zima. Sindano ilisimama pale pale alipoitaka. Aliitazama kwa muda, kwa utulivu wake wa kawaida, kama mtu asomaye kitu kigumu. Basi la kwenda Mwanza lilipita Tarime Jumamosi, na Jumatatu ya baada yake mikanda yote ilitakiwa iwe mezani kwa mwalimu.

"Mwanga haujakaa sawa, mzee," alisema. "Mpaka kesho."

"Na kesho ukikataa?"

"Kazi ya filamu ni ya kusubiri."

Mzee Heche aliitazama sindano, ingawa hakujua inasema nini, kisha akamtazama kijana usoni. "Nyumba iliyo kazini haiezuliwi," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Nikiulizwa, nitajibu hivyo. Mpaka chuo kimalize." Akavaa kofia. Alipofika kwenye baiskeli akageuka. "Mama Mniko, majani mabichi usitie mengi. Moshi unaonekana mpaka ofisini."

"Nimesikia, mwenyekiti."

Baiskeli ikateremka mlima. Werema alilivua koti, akalikung'uta, akakaa juu ya sanduku la bati.

"Mwanga ulikuwepo," alisema. "Mimi si msomi wa hayo madude, lakini jua nalijua."

"Ulikuwepo."

"Kesho je? Utakuwepo?"

"Kesho tutaona."

"Na Jumamosi?"

Stanslaus alikuwa amechuchumaa chini ya kamera. Alifunika lenzi kwa kifuniko chake, akaifunga kwa kitambaa kisichoingiza vumbi, kisha akaokota mawe matatu na kuyachimbia kidogo kwenye udongo, kila jiwe mahali ulipokuwa umesimama mguu mmoja wa stendi, ili asubuhi kamera irudi pale pale na mlango ukae kwenye kidirisha kama ulivyokaa leo.

"Mama," aliuliza, "Mniko alisema atakuja lini?"

"Alisema chai ikipungua." Agustina alikuwa ndani, akifukia makaa kwa jivu, taratibu, kwa mikono. "Chai huko hupungua lini, Waitara? Wewe uliyesoma."

"Sijui, mama."

"Basi njooni asubuhi. Nitakuwa nimeshafunga komeo kwa ndani."